JE, TUNADAIWA NINI NA SHAMBA LISILO LETU?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za maombi, ndoa, malezi ya watoto na subira ya wale wanaongoja. Mara hii tunaomba ruhusa tuzungumze habari za udongo. Jamaa nyingi kati yetu, walioko hapa Kigali na walioko kambini, wanatafuta mboga na ada ya shule katika kipande cha shamba cha kukodi: mistari michache ya nyanya, lengalenga, karoti, maharage, au migomba mitano pembeni mwa mji. Shamba si letu. Hatuna hati. Tunalipa faranga kwa msimu mmoja, na msimu ukiisha mwenyewe anaweza kusema basi. Sasa katika mashamba hayo umo ugonjwa ambao, ukiutazama vizuri, unatuuliza swali la haki: je, mtu anadaiwa kitu gani na ardhi ambayo si yake, na ambayo kesho hatakuwapo juu yake?

UGONJWA WENYEWE

Nyanya inashika vizuri, kisha inadumaa. Majani yanageuka manjano kana kwamba imekosa mbolea. Jua likiwa kali inalala, jioni inaamka kidogo. Mtu anaongeza maji, anaongeza mbolea, wala haisaidii. Akiing'oa anakuta mizizi ina manundu kama shanga zilizotungwa. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, ambao wataalamu huwaita Meloidogyne. Mnyoo mchanga ana urefu wa karibu nusu milimita tu, kwa hiyo huwezi kumwona udongoni. Anaingia ndani ya mzizi, anatulia mahali pamoja, na kuulazimisha mzizi umtengenezee chakula. Hapo ndipo mzizi unapovimba. Jike hutaga mamia ya mayai, na udongo ukiwa na joto la kutosha kizazi kimoja hukamilika kwa wiki 3 hadi 4. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vinapita kabla hujamaliza kuvuna nyanya. Tena hawachagui sana: hushambulia mimea ya aina zaidi ya 2000, nayo nyanya, biringanya, karoti na maharage yamo.

Migomba ina minyoo wake wengine, Radopholus similis, wanaoozesha mizizi. Wakishirikiana na fukusi anayetoboa shina chini ya ardhi, mgomba unaanguka na mkungu wake mchanga, na sisi tunalaumu upepo. Viazi ulaya navyo vina minyoo wa aina yao. Waliripotiwa Kenya mwaka 2015, na mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa wamewakuta pia hapa Rwanda. Jike wa minyoo hao akifa, ngozi yake inakuwa kifuko kigumu chenye mayai mamia kadhaa, na mayai hayo yanaweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi yakingoja kiazi kipandwe.

Lakini shika jambo hili, maana hoja yetu yote inasimama juu yake. Mnyoo hana miguu. Kwa nguvu zake mwenyewe anasogea hatua chache sana kwa msimu mzima. Anayemfikisha mbali ni maji ya mvua, na zaidi ni sisi: udongo ulioganda kwenye jembe, tope la viatu, miche tunayouziana, chipukizi la mgomba tunalompa rafiki kwa moyo mwema. Naamani Mshamu aliomba mzigo wa udongo wa Israeli, kiasi cha kubebwa na nyumbu wawili, aende nao kwao kwa ajili ya ibada (2 Wafalme 5). Sisi nasi tunabeba udongo kutoka shamba hadi shamba kila siku, ila hatujui tumebeba nini.

NENO LA TAHADHARI

Kabla ya kuendelea, tuseme jambo moja wazi. Katika mahubiri ni rahisi kuchukua mdudu wa shambani na kumfananisha na watu fulani. Sisi hatutafanya hivyo. Katika nchi hii, mwaka 1994, watu waliitwa mende kabla ya kuuawa, na ng'ambo ya ziwa Kivu wako kati yetu waliosikia majina ya namna hiyo wakitajwa wao. Mnyoo ni mnyoo, mtu ni mfano wa Mungu. Tunachotafuta hapa ni wajibu wetu, wala hatutafuti wa kumlaumu.

TUMSIKILIZE ANAYEPINGA

Mkristo mwaminifu anaweza kusema hivi: "Nimekodi msimu mmoja. Nina watoto watano. Mkiniambia nipumzishe shamba, au nipande majani yasiyoliwa ili minyoo wapungue, nitakula nini? Nikilitengeneza shamba kwa samadi na jasho, mwenyewe ataliona limenona, atalichukua, au atapandisha kodi. Faida ataipata mpangaji anayekuja nyuma yangu. Na mimi mwenyewe sitakaa hapa. Nangoja kurudi nyumbani, au nangoja jina langu litokee niende ng'ambo. Basi nivune ninachoweza, nikiona shamba limechoka nihamie lingine."

Ndugu msomaji, usimcheke mtu huyu. Hoja zake tatu ni za kweli. Njaa ni ya kweli. Wako walionyang'anywa shamba kwa sababu walilifanya kuwa zuri. Na ni kweli kwamba faida ya udongo uliotunzwa huja polepole, mara nyingi kwa mtu mwingine. Anayemjibu kwa kumwambia tu kwamba Mungu atamlipa, bila kuzigusa hoja hizo, hajamjibu.

Hoja ya nne lakini, ile ya kusema "sitakaa", imekwisha kupimwa na miaka. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Ya Gihembe, kule Gicumbi, ilifunguliwa mwaka 1997, watu wakidhani ni ya muda mfupi. Ilifungwa mwaka 2021, baada ya miaka 24, na wakazi wake wakahamishiwa Mahama, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo hatari karibu na nyumba. Watoto waliozaliwa pale walikuwa wamekwisha kuwa wazazi. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, na wautakie heri mji walimopelekwa (Yeremia 29). Hakuwaambia kwamba hawatarudi. Aliwaambia kurudi kutachukua miaka 70, na katika miaka hiyo watu hula.

MPANGAJI NI NANI?

Tunasema shamba si letu. Ni kweli. Lakini ni la nani? Katika Mambo ya Walawi 25:23 Mungu anaikataza Israeli kuuza ardhi moja kwa moja, kwa sababu ardhi ni yake na wao ni wageni na wapangaji kwake. Angalieni, maneno hayo hawakuambiwa wakimbizi. Waliambiwa watu waliokuwa wanakwenda kurithi nchi, wenye mipaka na majina ya koo. Hata sheria ya hapa Rwanda ina jambo linalokaribia hilo: kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2021, mwananchi anapata hati ya ukodishaji wa miaka 99 kutoka kwa serikali. Miaka 99 ni mirefu, lakini ina mwisho. Mwenye miaka 99 na mwenye msimu mmoja wanatofautiana kwa urefu wa muda tu. Mbele za Mungu wote wawili ni wapangaji.

Ikiwa ni hivyo, basi swali la kwanza si "shamba hili ni la nani?" bali "nani atakula hapa baada yangu?" Na sisi tunamjua mtu huyo. Mara nyingi ni mkimbizi mwenzetu, mjane fulani aliyekusanya faranga kidogo kidogo akakodi kipande kile kile tulichokiacha. Atanunua mbegu, atalima, atapalilia, na mwezi wa pili nyanya zake zitalala. Hatajua kwamba sisi tulijua.

KUTODHURU, NA KUBORESHA

Hapa tunapendekeza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni wajibu wa kutodhuru. La pili ni wajibu wa kuboresha.

Wajibu wa kutodhuru ni wa kila mtu, hata wa msimu mmoja, hata asiye na kitu, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Ukimaliza kuvuna, usiiache mizizi yenye manundu ardhini. Ing'oe, iache ikauke juani kisha uichome, maana mayai yamo humo. Osha jembe kabla ya kuingia shamba lingine. Usipande wala usiuze mche ambao mizizi yake ina manundu. Chipukizi la mgomba limenye mizizi na sehemu nyeusi mpaka libaki jeupe, kisha lizamishe katika maji yanayochemka kwa muda wa sekunde 30 hivi; minyoo walio karibu na ngozi wanakufa na mgomba unaota. Na ukitoka, mwambie anayeingia: "Ndugu yangu, mstari huu una minyoo, usipande nyanya." Haya hayahitaji hati wala hekta. Mtu asiyeyafanya hawezi kujitetea kwa umaskini wake, kwa sababu hayapunguzi hata sahani moja mezani.

Kuuza miche tuseme zaidi. Mche mgonjwa unaonekana mzuri juu, na mnunuzi haoni chini. Anayeuza akijua ana hatia ileile ya mwenye mizani ya udanganyifu. Tena kosa lake ni kubwa zaidi kwa kipimo hiki: mizani ya uongo huiba mara moja, bali mche wenye minyoo huendelea kuiba msimu baada ya msimu.

Wajibu wa kuboresha ni jambo jingine. Kupumzisha udongo msimu mzima, kupanda marejea, kuleta samadi nyingi na mboji, kufunika matuta kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 ili jua liuchemshe udongo: haya yanasaidia sana lakini yana gharama, na faida yake inakaa na shamba. Si haki kumtwika mpangaji wa msimu mmoja mzigo wote huo. Hapa mwenye shamba naye anadaiwa. Wako wenyeji wetu, ndugu Wanyarwanda, wanaosali nasi na kusoma kurasa hizi. Kwao tunasema kwa heshima: ukitaka mpangaji alitendee shamba lako kama lake, mpe muda. Mpe misimu mitatu badala ya mmoja. Msimu atakaopanda mmea wa kulisha udongo, mpunguzie kodi. Na shamba lako likiwa na ugonjwa, mwambie kabla hajatoa faranga zake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tukiziweka pamoja tunaona agano: mgeni ameletewa jembe ili wote wawili wapone.

Agano kama hilo linawezekana. Katika bonde la Misizi, wilaya ya Gisagara, karibu na kambi ya Mugombwa, wakimbizi na wenyeji walipewa kulima pamoja eneo la zaidi ya hekta 50. Mahali pa namna hiyo mnyoo wa shamba la mgeni ni mnyoo wa shamba la mwenyeji, kwa kuwa maji yanayopita ni yale yale.

HABARI YA MAREJEA NA HABARI YA SUMU

Marejea ni mmea wa jamii ya kunde, wenye maua ya manjano. Katika miaka ya 1980 padri Gerold Rupper wa abasia ya Wabenediktini ya Peramiho, karibu na Songea kusini mwa Tanzania, aliwahimiza wakulima waupande, kwa kuwa unarutubisha udongo na kusonga magugu. Mmea huo una faida nyingine: minyoo fundo huzaana humo kidogo sana. Msimu mmoja wa marejea, kisha msimu wa mtama, ndipo urudi kwenye nyanya, unawapunguza minyoo bila kumdhuru mtu. Hautawamaliza. Ni lazima tuseme kweli: katika shamba la wazi hakuna njia inayowamaliza. Tunachoweza ni kuishi nao wakiwa wachache, na mmea wenye udongo mzuri, mboji na samadi unavumilia wachache.

Wengi hawapendi jibu hilo. Wanataka sumu ya siku moja. Iko punje iitwayo carbofuran iliyouzwa sana Afrika Mashariki kwa jina la Furadan. Inaua minyoo kweli. Inaua ndege pia, na mtu. Kenya, baada ya watu kuitumia kuwaua simba, mtengenezaji aliiondoa sokoni mwaka 2009, na mwaka 2017 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali za hatari. Gesi ya methyl bromide, iliyotumika miaka mingi kufukiza udongo, ilikutwa inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015 kuiacha katika matumizi hayo.

Hatusemi kila dawa ya shambani ni dhambi. Tunatoa kipimo kimoja kwa Mkristo: je, uko tayari kuwapikia watoto wako lengalenga ulizotilia dawa hiyo, siku ileile unayowauzia wengine sokoni? Kama una mstari wako wa kula na mstari wako wa kuuza, dhamiri yako imekwisha kuhukumu. Mnunuzi wa sokoni hamwoni mnyoo wala haioni sumu. Anaona mboga na uso wako.

SI KILA MNYOO NI ADUI

Sumu ina kosa jingine: haitofautishi. Katika udongo mmoja wamo minyoo wanaokula mizizi na minyoo wanaotusaidia. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rubona, wilaya ya Huye, watafiti wa Rwanda wakisaidiwa na shirika la CABI walianza mwaka 2014 kuzalisha minyoo wadogo wanaoingia ndani ya wadudu na kuwaua, kama wale funza weupe wanaokata mizizi. Tena walipochunguza udongo wa nchi hii walikuta minyoo wa namna hiyo wakiishi humo tayari. Msaada ulikuwa chini ya miguu ya watu.

Hata kwa macho tunaweza kukosea. Ng'oa harage lenye afya: nalo lina manundu kwenye mizizi. Hayo ni ya bakteria wanaoleta rutuba kutoka hewani. Yameshikilia ubavuni mwa mzizi, yanatoka ukiyasugua kwa kidole, na ukiyapasua ndani yana rangi ya waridi. Nundu la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halitoki mpaka uuvunje mzizi. Mtu mwenye haraka ataona manundu tu, atachoma mema pamoja na mabaya. Bwana alifundisha katika Mathayo 13 juu ya watumwa waliotaka kung'oa magugu na mwenye shamba akawazuia, wasije wakaing'oa ngano. Mkulima anayejua kusugua mzizi kwa kidole kabla ya kuamua anaelewa sababu ya mwenye shamba yule.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo manne kwa vikundi vya wamama, vijana na wababa katika kila seli ya kanisa.

1. Kila mwenye shamba la kukodi ang'oe mmea mmoja kabla ya msimu kwisha, atazame mizizi, awaambie wenzake alichokiona bila aibu. Ugonjwa wa udongo si laana wala uchawi.

2. Kikundi kiwe na kitalu kimoja cha miche, katika udongo uliopigwa jua au uliochemshwa kwa moto, ili tuache kununua miche tusiyoijua. Kwa asiye na shamba, bustani ya gunia yenye udongo safi na mboji inatosha kwa mboga za nyumbani.

3. Wazee wa kanisa wakae na wenye mashamba walio washirika wetu, waombe makubaliano ya misimu mitatu, yaandikwe mbele ya mashahidi.

4. Anayehama, iwe kwenda kambi nyingine, ng'ambo au nyumbani, alikabidhi shamba kwa maneno: nimepanda hiki, nimekuta hiki, jihadhari na hiki.

Wapendwa, sisi tulioacha mashamba yetu tunajua uchungu wa kufikiri nani anayalima leo na anayatendaje. Wako wanaoomba kwa Mungu kwamba yule aliyeko huko, hata kama hakuwa na haki ya kuwapo, asikate miembe na asiuchoshe udongo. Ombi hilo ni halali. Basi na tumtendee mwenye shamba la hapa, na mpangaji atakayetufuata, kama tunavyomwomba mtu wa kule atutendee. Mambo ya Nyakati cha pili kinasema kwamba Waisraeli walipokuwa uhamishoni nchi yao ilipata kupumzika sabato zake (36:21). Huenda na mashamba yetu yanapumzika. Haya yaliyo chini ya miguu yetu sasa hayajapata sabato, nayo yanatulisha.

Mungu wa mbingu na nchi abariki kazi ya mikono yenu. Amina.